Mikono Miwili ya Kushoto

Kitinda alipopandishwa cheo, mtu wa kwanza kutoa amri alikuwa mfanyakazi wake. Asubuhi ile aliingia karakana ya ushonaji na blauzi mpya, kifua mbele, hotuba fupi ameiweka tayari ulimini. Kabla hajafungua kinywa, Mama Kola akamwambia bila kuinua macho kwenye cherehani, "Afadhali umefika, mwanangu. Hebu niletee chai, na sukari usinibanie." Na msimamizi mpya, jamani, akaenda! Akarudi na chai, akamwamkia shikamoo, hotuba imeshayeyuka.

Sasa mtamlaumu nini? Karakana nzima hapakuwa na mtu wa rika lake. Aliingia pale akiwa binti wa kutunga nyuzi kwenye sindano, wakamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wao, na jina likamganda mpaka alipokuwa fundi anayeogopwa na cherehani yenyewe. Mama yake mzazi alipopata habari za cheo alipiga kigelegele kimoja, kisha akamkazia macho. "Mkubwa ni jalala, mwanangu. Kila takataka utatupiwa wewe."

"Lakini Mama, mimi pale ndiye mdogo!"

"Basi utakuwa jalala dogo. Litajaa haraka."

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mama Tajiri, hakutaka maneno mengi. Alimwita Kitinda ofisini, akafunga mlango. "Kuna sare za bendi. Makoti mekundu, watayavaa Jumamosi wakifungua uwanja mpya wa mpira. Yakitoka salama, kiti ni chako moja kwa moja. Yakiharibika, unarudi kwenye cherehani yako, na mimi natafuta msimamizi kutoka nje. Umenielewa?"

Kitinda alielewa vizuri sana. Usiku hakulala kwa furaha, alfajiri hakula kwa woga. Alikitaka kile kiti, tuseme ukweli. Alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alishajiona amekikalia, miguu imepandana, akiambia watu fanyeni hivi, fanyeni vile.

Tatizo lilikuwa kuwaambia. Amri zake zilitoka kama maombi ya msiba. "Samahani Babu, kama huna kazi nyingi, na kama mwili unaruhusu, nilikuwa naomba uangalie ikiwezekana tuanze kukata yale makoti ya bendi." Babu Mkasi, mkata vitambaa, mzee aliyeshika mkasi pale kabla karakana haijapata mlango, alimtazama juu ya bega akasema, "Nitaona." Kitinda akaondoka ameridhika kama mtu aliyesainiwa mkataba.

Na ile karakana ilikuwa na sheria yake isiyoandikwa popote. Mtu hamkosoi aliyemzidi umri. Babu Mkasi alikuwa juu kabisa, chini yake Mama Kola, chini yake Mjomba Pasi aliyenyoosha nguo, kisha mafundi wengine kwa kufuatana, kila mmoja anajua nani amemtangulia kuzaliwa. Mkubwa akikosea, wadogo wanageuza shingo, wanatazama dari. Wenyewe waliita heshima, na walijivunia kwamba hapajawahi kutokea ugomvi.

Ijumaa asubuhi makoti yalikuwa yananing'inia mstari mzima, mekundu yanawaka, Kitinda roho kwatu. Akachukua moja, akalivisha ile sanamu ya kupimia iliyosimama dirishani. Akarudi nyuma kulitazama. Akasogea karibu. Akarudi nyuma tena. Vifungo vya mkono wa kushoto vilikuwa mahali pake, nje ya kiwiko cha mkono, vinang'aa. Vya mkono wa kulia vilikuwa ndani, vimegeukia mbavu, na mkono wenyewe umepindia nyuma kama wa mtu anayejikuna mgongo.

Akachukua koti la pili. Vilevile. La tatu, la nne. Toba! Bendi nzima ilikuwa imeshonewa mikono miwili ya kushoto.

Fundi yeyote anajua inavyotokea. Kitambaa kina uso, upande unaong'aa, na kina nyuma, upande uliofifia. Ukitaka mkono wa kulia unageuza karatasi ya kipimo, unahakikisha uso wa kitambaa uko juu, ndipo unakata. Ukigeuza karatasi na kitambaa nacho kikawa nyuma juu, umerudi kulekule kushoto. Lakini kukosea koti moja ni bahati mbaya. Kukosea yote, yakapita mikono ya mafundi wote mpaka yakanyooshwa?

Kitinda akamvuta Mama Kola pembeni. "Mama Kola, wewe ndiye uliyeunga mikono hii. Hukuona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Babu? Mimi?" Mama Kola alishika kifua kama ametukanwa. "Nikajisemea labda ndiyo mtindo wa bendi siku hizi. Vijana wana mambo."

"Na wewe, Mjomba?"

Mjomba Pasi aliinamisha kichwa. "Mimi nilikohoa."

"Ulikohoa?"

"Nilikohoa sana tu. Muulize mtu yeyote."

Kitinda hakujua acheke au alie. Alikiona kiti chake kinatoka mlangoni kwa miguu yake minne. Mafundi wakamzunguka, wakanong'ona, na ushauri wao ulikuwa mmoja. Kitambaa chekundu kipo kidogo, kinatosha kukata mikono ya kulia mara moja tu, bila kosa hata moja. Basi Babu akienda kula, Kitinda akate yeye kimyakimya, waunge upya, mzee asijue kitu. Heshima ibaki, sare zitoke, mchezo uishe.

Na angeweza, wallahi. Mkono wake haukuwa na wasiwasi. Lakini akawaza, wiki ijayo je? Nitamvizia Babu kila akienda kula mpaka lini? Mimi ni msimamizi au ni mwizi wa mkasi? Hasira zikampanda, na hasira zikamsaidia miguu, maana alijikuta ameshafika kwenye meza ya kukatia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, umekosea."

Cherehani zote zikasimama. Zilisimama kwa pamoja, kama umeme umekatika.

Babu Mkasi akauweka mkasi mezani polepole. "Hebu sema tena."

"Umekosea, Babu. Mikono yote umekata ya kushoto. Kitambaa kilichobaki kinatosha mara moja. Utakata wewe, maana hapa hakuna mkono kama wako. Lakini Mama Kola atasimama hapo pembeni, na kila kipande, kabla mkasi haujagusa, atasema ni uso au ni nyuma. Aseme kwa sauti, wote tusikie."

Hapakuwa na samahani hata moja. Yeye mwenyewe alishangaa.

"Nimekata nguo mama yako akiwa bado anabebwa mgongoni," alisema Babu.

"Najua, Babu. Na leo unakata hizi."

Mzee akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaiacha mezani. Akaelekea mlangoni. Kitinda akajua ndiyo basi, amemfukuza mzee wa watu na kiti amekikosa, yote kwa neno moja. Wote walikuwa wamemkodolea macho mzee, na Mjomba Pasi aliyekuwa amepigwa na butwaa kuliko wote alisahau ameshika nini. Harufu ya kuungua ikajaa chumba.

"We! Pasi hiyo!" Babu alinguruma kutoka mlangoni, akageuka mbio, akalinyakua lile dude la moto kutoka kwenye kitambaa cha kupigia pasi. "Unataka kutuchoma wote? Macho umeazima wapi?"

Sasa alikuwa ameshafika ndani. Akabaki amesimama na pasi mkononi, mbele ya ile sanamu iliyovaa koti. Akaiweka pasi chini. Akashika mkono wa kulia wa koti, akausogeza karibu na uso wake, karibu mno, akaupapasa kwa kidole gumba upande huu na upande ule.

"Huyu mtoto hasemi uongo," alisema mwishowe, na akarudi mezani kwake.

Kipande cha kwanza alikitandaza mwenyewe, akalaza karatasi ya kipimo, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Mama Kola alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi, neno halitoki. Kitambaa kilikuwa nyuma juu. Kila mtu alikiona, na mkasi ulikuwa unashuka.

"Mama Kola!" Kitinda alisema.

"Babu..."

"Nini?"

"Hiyo... hiyo ni nyuma, Babu." Mama Kola akafumba macho, kama anasubiri dari imwangukie.

Dari haikuanguka. Babu akakigeuza kitambaa. "Na hapa?"

"Hapo ni uso."

"Haya." Mkasi ukala nguo, kra, kra, kra, sauti tamu ajabu.

Kilichofuata hapo hakijawahi kuonekana kwenye karakana ile! Mama Kola alipopata sauti hakuikalisha tena. Alipiga kelele uso, nyuma, uso, kama mnadani, na mafundi wengine nao wakafunguka. Mmoja akamwambia Mama Kola kwamba kola zake huwa na pembe moja ndefu, na yeye amekuwa akizipunguza kwa siri miaka yote. Mwenzake akamwambia Mjomba Pasi kwamba anamwagia nguo maji kama anamwagilia bustani. Mjomba akajibu kwamba yeye angalau hashoni vifungo vinavyoanguka mtu akipiga chafya. Waliteta, wakacheka mpaka machozi, na mikono ikifumua na kuunga bila kupumzika. Kitinda alikimbia huku na huku, blauzi imetoka kwenye sketi, anaamuru watu waliomzidi umri mara mbili, "Mjomba, hili kwanza! Mama Kola, huo uzi siyo!" na wao wanajibu, "Tayari!" Furaha ilimpanda mpaka akahisi atapaa. Jua lilipozama, koti la mwisho lilikuwa kwenye mstari, vifungo vyote nje.

Jumamosi bendi ilivalia palepale uani. Mpiga ngoma alinyanyua mikono juu, akaizungusha, mshono ukatulia. Akapiga. Tarumbeta zikadakia, na karakana nzima ikatoka nje, Mama Kola anakatika kiuno bila aibu.

Mama Tajiri akamshika Kitinda mkono, akamvuta ndani, kwenye kona. "Nimesikia. Ni kweli ulimwambia? Kwa kinywa chako?"

"Nilimwambia."

"Mimi yule ndiye aliyenifundisha kushika sindano." Mama Tajiri aliteremsha sauti. "Naona anakosea tangu mwaka jana. Kila siku najiambia, leo nasema. Nafika mezani kwake, namuuliza habari za wajukuu, naondoka."

Kitinda akamtazama, na taratibu akaelewa. "Kwa hiyo ukanitupia mimi."

"Nikakutupia wewe," alisema yule mama, bila hata kuona haya. "Na kiti ni chako, nani atakunyang'anya?"

Kabla Kitinda hajajua acheke au anune, sauti ikasikika kutoka kwenye meza ya kukatia. Babu Mkasi hakwenda uani na wengine. Alikuwa ameshatandaza kitambaa kipya, cha bluu, na ameinama juu yake pua inakaribia kukigusa. Mafundi walikuwa wanaanza kurudi ndani. Hakuwangojea wapite, wala hakushusha sauti.

"Bosi! Ukimaliza kusifiwa, njoo hapa. Macho yangu hayaoni tena mng'aro. Niambie, huu ni uso au ni nyuma?"