Cheti Ndani ya Bitana

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hakuna kitu anachokiamini kama uzi. Ufunguo wa kabati ameushonea ndani ya mto. Basi tulipofunga safari ya kwenda kumwona binti yake ng'ambo ya mpaka, vidonge vyake vikali vya mgongo alivibeba kama alivyoagizwa: kwenye kopo lake la dukani, lenye jina lake, vya mwezi mmoja tu. Cheti cha daktari akakishonea ndani ya bitana ya koti, kisije kikapotea.

Afisa wa forodha aliligeuzageuza lile kopo. "Mama, dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa za kulevya. Cheti kiko wapi?"

"Kimo kotini, mwanangu. Nimekishona."

Afisa akamtazama kwa jicho la pembeni. Katika miaka yake yote ya kazi, alivyovikuta kwenye bitana havikuwa vyeti. Akamwita mwenzake, wakaanza kufumua kwa wembe huku shangazi akiwafokea: "Taratibu! Hiyo hariri, si gunia!"

Cheti kikatoka kimekunjwa vizuri, na muhuri wake. Wakakisoma, wakacheka, wakamruhusu apite. Shangazi hakusogea hata hatua. Alilitandaza koti juu ya meza ya ukaguzi, akatoa sindano.

"Mliofumua ni nyinyi," alisema. "Mmoja ashike kitambaa, mwingine atunge uzi."

Afisa alitunga uzi akiwa ametoa ulimi nje kama mtoto. Alipofaulu, mara ya tano, foleni nzima tulimpigia makofi.