Nilisimamia Watoto Tisa

Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, katekista hupita katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha sasa hapa Bungoma, karatasi mkononi, akitafuta wasimamizi wa ubatizo. Mzee yule anajua kupanga maneno. Anaanza na mwalimu wa hesabu, anamsifu kidogo, anaandika jina. Anakwenda kwa mwalimu wa chekechea, anaandika jina. Akifika kwangu anapita tu, kama meza haina mtu. Aliniuliza miaka mitatu mfululizo nikakataa, na wenzangu wamekwisha kuniweka katika fungu la watu wanaojisikia. Waache waseme. Mimi nilishasimamia watoto tisa kwa siku moja, na sitaki kuongeza wa kumi.

Hiyo ilikuwa Kitale, katika shule ya msingi ya misheni, mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni na viatu vya kisigino na imani kubwa katika kanuni, na shule ile ilikuwa na kanuni za kila kitu. Soksi nyeupe zivutwe hadi chini ya goti. Nywele zinyolewe, wasichana kwa wavulana, usibaki hata unywele wa kushika kwa vidole. Lango lilifungwa saa moja kasorobo asubuhi, na bawabu hakuwa na ndugu wala jirani. Chakula cha nyumbani hakikuingia. Mwalimu hapokei zawadi kutoka kwa mwanafunzi, hata kama ni andazi moja. Mwalimu haendi nyumbani kwa mwanafunzi bila ruhusa ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa Sista mmoja mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyosikika hadi uwanjani. Nilizipenda kanuni hizo, nasema kweli. Ukiwa na miaka ishirini na minne, kanuni zinakupunguzia kazi ya kufikiri.

Ijumaa ilikuwa siku ya Misa ya shule. Waliopokea Komunyo walikaa mbele. Ambao hawajabatizwa walikaa benchi nne za nyuma, upande wa kulia. Haikuwa adhabu, Sista alirudia kutuambia; ulikuwa utaratibu tu, ili foleni isonge vizuri. Lakini watoto hawadanganyiki. Benchi zile waliziita steji, kama kituo cha matatu, kwa sababu ukikaa hapo kazi yako ni kungoja huku wenzako wanaondoka. Mtoto aliyetaka kutoka steji alisoma katekisimu miaka miwili, kisha akaambiwa atafute msimamizi: Mkatoliki mwenye kipaimara, asiye na doa. Watoto wa wafanyabiashara na wa wafanyakazi wa serikali walikuwa na mashangazi wa kila aina. Kulikuwa na wengine ambao nyumbani kwao hapakuwa na Mkatoliki hata mmoja.

Basi siku moja wakati wa chai Sista akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, kuna watoto tisa hawana msimamizi. Wewe una kipaimara, si ndiyo?"

"Ndiyo, Sista."

"Jumamosi asubuhi. Ni kusimama tu."

Nilikuwa nasahihisha insha za darasa la tano. Nilisema sawa bila hata kuinua kalamu.

Jumamosi hiyo walikuja tisa, wasichana saba na wavulana wawili, wamevaa nguo nyeupe za kuazima, nyingine zimebanwa kwa pini mgongoni. Padre aliwamwagia maji mmoja mmoja. Aliponigeukia na kuniuliza kama niko tayari kuwasaidia wazazi wao kuwalea, nilijibu mara moja kwa niaba ya wote tisa. Niko tayari. Tena nilijibu kwa sauti nzuri, kwa sababu nilikuwa mwanakwaya na nilipenda kusikika. Baadaye tulipewa soda, tukapiga picha, nikabandua nta ya mshumaa kwenye kidole, nikaenda sokoni kununua viazi. Juma lililofuata mtu angeniuliza majina ya wale tisa, ningekwama kwenye la nne.

Mmoja wao hakunisahau. Alikuwa katika darasa langu, la sita, msichana mrefu ambaye mikono yake ilikuwa imeipita sweta. Alitoka Kipsongo, mtaa wa mabanda pale Kitale. Mama yake aliuza sukuma wiki na maparachichi kando ya barabara. Mama huyo kwao ni Bokoli, huko kwetu Bungoma, amelelewa katika kanisa lisilobatiza kwa maji, na alipoombwa ruhusa ya mtoto kubatizwa alicheka, kama binti alivyonisimulia mwenyewe. Alisema maji ni ya kunywa na kufua, lakini kama mtoto anayataka kichwani, sawa.

Jumatatu baada ya ubatizo, nilipoingia darasani, msichana yule alisimama kabla ya wengine.

"Habari ya asubuhi, mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Nilihisi uso unapata moto. Nilimwambia hapa shuleni mimi ni mwalimu.

"Na huko nje?" akaniuliza.

Hakuwa na utundu wowote. Alitaka kujua, kama vile mtoto anavyouliza mtihani unaanza saa ngapi. Nilimwambia akae chini, nikageukia ubao, nikaandika tarehe. Lile swali lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule na mimi nilimpa mgongo.

Juma moja baadaye aliniletea mapera matano, ameyafunga kwa karatasi ya daftari. Nilimrudishia. Nilimweleza kanuni ya zawadi kwa upole, nikijiona mtu wa haki asiyependelea. Aliyachukua, akasema asante. Akakaa nyuma ya darasa la nne wakati wa mapumziko akayala peke yake, moja baada ya jingine, na mimi nilimwona dirishani. Hata hapo sikushtuka. Nilifikiri anajifunza.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa alibaki nyuma baada ya somo la mwisho. Akangoja wenzake watoke. Akaniambia mama yake anataka kumpeleka Moi's Bridge kwa shangazi, yaani dada ya mama, mwenye kihoteli karibu na maghala ya mahindi. Shangazi amejifungua, msimu wa mavuno unakuja na malori yake, hakuna wa kuosha vikombe. Ati ni kwa muda tu. Mimi ni mtoto wa Bungoma, nimekua nikiwaona wasichana wanaotolewa shuleni kwa muda tu, na sijawahi kumwona aliyerudi kumalizia darasa la sita.

"Nilimwambia mama kuna wewe," akasema. "Nilimwambia tulifundishwa, mama yako akishindwa, yule wa ubatizo anasaidia. Sasa mama amesema kama huyo mama ya maji yuko, akuje tuongee."

Moyo ulinilainika, sitajinyima hilo. Nilimwambia nitakwenda Jumamosi saa nane.

"Saa nane kamili?"

"Kamili."

Alitoka darasani akikimbia, jambo lililokatazwa kwenye veranda, na sikumkemea.

Kwa mujibu wa kanuni nilikwenda kuomba ruhusa kwa Sista. Leo nakiri kwamba nusu yangu ilikuwa inaomba akatae. Ningerudi darasani nikamwambia mtoto, pole, Sista amekataa, mambo yakaisha. Lakini Sista aliniruhusu kabla sijamaliza sentensi. "Nenda, mwalimu," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe." Akaniuliza kama nataka bawabu anisindikize. Nikamwambia hapana, nitapata njia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda saluni. Mwalimu mwenzetu alikuwa anafunga ndoa Jumapili na mimi nilikuwa katika kwaya, mstari wa mbele. Nilihesabu kwamba hadi saa saba nitakuwa nimemaliza. Msusi alikuwa na maneno mengi na vidole vya polepole, na saa nane ilinikuta nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Saa tisa alipofunga uzi wa mwisho mvua ilikuwa imeanza, ile ya Kitale ya alasiri, isiyo na haraka ya kukatika.

Nilikuwa na mwavuli. Niliwahi kulisimulia jambo hili kwa rafiki yangu nikauruka mwavuli, sasa nauweka mahali pake. Nilikuwa na mwavuli mkubwa mweusi, na kutoka pale saluni hadi Kipsongo si mwendo wa nusu saa. Nambari ya simu ya mama yake ilikuwa katika rejista yangu, na rejista ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikupiga simu. Nilisimama mlangoni nikaangalia matope ya barabarani, nikafikiria nywele zangu mpya. Chini ya nywele kulikuwa na kitu kingine, nacho ndicho hunirudia. Niliogopa kwamba nikiingia nyumba ile nikakaa, mama yule atanitazama na kuniuliza nitamfanyia nini mtoto wake, na itabidi niwe nilichosema niko tayari kuwa. Jumamosi ijayo, nikajiambia. Siku saba haziozeshi kitu. Nikaenda nyumbani nikanywa chai.

Jumapili niliimba vizuri sana.

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu. Jumanne vilevile. Jumatano, baada ya masomo, nilikwenda. Mbingu ilikuwa nyeupe, barabara imekauka. Watoto wa mtaa walinionyesha njia kwa vidole huku wakinong'onezana. Nilimkuta mama yake mlangoni, ameketi kwenye kigoda, anakatakata sukuma wiki ndani ya karai. Alikuwa na umri unaokaribia wa dada yangu mkubwa.

"Karibu, mwarimu," akasema, na sikia hiyo r. Ndivyo nyanya yangu alivyosema, ndivyo na mimi nilivyosema hadi chuo kikanisugua ulimi. Nilipaswa kumjibu kwa lugha yetu. Nilimjibu kwa Kiswahili cha darasani.

Nilisema nimekuja kwa ajili ya mtoto. Aliendelea kukata.

"Alienda Jumapili."

 Akaanza kunieleza bila hasira, na ningependa sana angekuwa na hasira. Alisema Jumamosi binti yake alifagia kuanzia mlangoni mpaka kwa jirani wa tatu. Aliazima kiti cha kuegemea, kwa sababu mwalimu hawezi kukalia kigoda. Aliazima chupa ya chai. Aliambia plot nzima, wapangaji wote wa ua ule, kwamba mama yake wa kanisa anakuja, amesema saa nane kamili. Akavaa yunifomu yake na soksi. Mvua ilipoanza alijifunika gunia akaenda kusimama barabarani, ili mgeni asipotee kwenye vichochoro. Watoto wenzake walisimama naye. Walipochoka wakaanza kumcheka. Alisimama mpaka mama yake alipokwenda kumshika mkono.

"Mimi nilikuwa nishaambia dada yangu atafute mtu mwingine," akasema. "Tangu Ijumaa. Ungekuja, hata kama ungekaa tu bila kusema kitu, mtoto angebaki. Nilitaka tu nione kama huko kwenu ako na mtu."

"Sasa kwa nini umempeleka?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Si mimi, mwarimu. Jumapili asubuhi nilimwambia, wewe kaa, soma, hayo mambo ya Moi's Bridge yameisha. Yeye ndio alikataa. Alifunga nguo zake mwenyewe. Ati hawezi kukaa kwa hiyo darasa akikuangalia."

Nilishika ukingo wa mlango. Kuna maneno ambayo mwalimu huyazoea kwa sababu huyasema kila siku, nitashughulikia, nitaangalia, nitafuatilia, na yote yalinijia mdomoni kwa pamoja. Nilimwambia nitakwenda Moi's Bridge. Nitamrudisha mwenyewe, nitazungumza na Sista, nafasi yake ipo. Nilisema kwa sauti nzuri, ile ile ya kanisani, na nikaanza kufungua mkoba nitoe kalenda.

Akainua mkono wenye kisu, si kwa kunitisha, kwa kunizuia tu.

"Enda, mwarimu. Sijakataa, enda. Lakini usiniambie siku. Ukiniambia siku nitampigia simu, na yeye atasimama kwa barabara."

Nikafunga mkoba. Siku sikuitaja, na mpaka leo sijaenda.