Kaseti Iliyokataa Rumba

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha kurekodi muziki hapa Musoma mjini. Akaingia mzee mmoja wa Bweri na kaseti ya nyumbani kwake, maana mpya siku hizi hazionekani. Fundi akamwonjesha santuri ili achague. Kwenye rege mzee alikunja uso. Kwenye taarabu akatabasamu kidogo. Ilipolia rumba, mabega yakaanza kucheza yenyewe.

"Hiyo hiyo! Nirekodie juu ya hii."

Kitufe cha kurekodi kikagoma. Vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa, kama wanavyofanya watu wasiotaka ifutwe. Fundi akachana karatasi azibe matundu yake ili ikubali kurekodiwa, kisha akasita. "Mzee, tuisikilize kwanza."

Ikatoka kwaya, mwanamke mmoja akiongoza. Mzee akavua kofia. Mabega yakatulia.

"Huyo ni mama watoto," akasema. "Alikuwaga anaimba hivyo kabla koo halijamwuma. Mungu wangu, ningeifuta!"

Akamshika fundi mkono kwa mikono miwili, akaondoka bila rumba.

Nchi hii tunalilia kila kilichovunjika, kuanzia barabara mpaka pampu ya maji. Vile vijino, tafadhali, asivitengeneze mtu.