Nilitoa Kiti cha Mtoto wa Marehemu Dada Yangu Kwenye Gari

Naomba jina langu lisionekane, kwa sababu mtu ninayemzungumzia anafuata ukurasa huu na huenda akasoma. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu, naishi Kakamega. Jambo hili nimekaa nalo tangu miaka ya tisini. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata pasta wangu.

Dada yangu mkubwa alifariki akaniachia binti wa miaka mitatu. Nitamwita Khasandi, ingawa si jina lake. Wakati huo nilikuwa na watoto wangu pacha, wavulana wa mwaka mmoja. Mume wangu alifanya kazi msituni Isecheno, na familia moja ya watafiti Wazungu ilipokuwa ikirudi kwao ikatuachia viti vitatu vya gari vya watoto. Sikuwa nimewahi kuona vitu kama hivyo. Majirani walikuja kukalisha watoto wao humo sebuleni wakicheka.

Shida ilikuwa gari letu, Datsun kuukuu, ndogo. Viti viwili viliingia nyuma vizuri, cha tatu kikakataa, mlango haufungi. Mume wangu alipeleka gari kwa fundi likatiwa mikanda ya nyuma, halafu akashinda nalo Jumamosi nzima uani. Mwishowe akagundua kwamba kile chembamba kikitangulia katikati, na vile viwili visukumwe kwa goti huku na huku, vyote vinaenea. Lakini vikishaingia, mkono haupati pa kupita. Kufunga mkanda wa Khasandi pale katikati ilikuwa kazi ya kuchubuka vidole.

Mume wangu akaniambia, "Mama pacha, hata kama unaenda tu sokoni, watoto wote watatu wakae kwa viti. Najua inachosha."

Karibu mwaka mzima nilifanya hivyo. Kisha kuna asubuhi moja mume wangu alienda kazini na lori la huko msituni, nami nikataka kumpeleka mama yangu dawa kule Kabras. Nilikuwa nimechelewa. Pacha walikuwa wanalia, mkanda wa katikati unaniteleza, kucha imekatika. Nikakasirika, nikakichomoa kile kiti cha katikati nikakirudisha ndani ya nyumba.

Khasandi, niliyekuwa nimemshusha, alikuwa amesimama kando ya gari. Akaniuliza, "Mama mdogo, na kiti yangu?"

Nikamwambia, "Leo utakaa tu hapo katikati. Wewe ni mkubwa. Shikilia viti vya hawa watoto."

Akapanda, akashika kwa mikono miwili kama nilivyomwambia. Wasomaji, wote watatu walikuwa wadogo, na nilipotafuta wa kukosa kiti, sikufikiria hata kidogo wale niliowazaa.

Tulipokaribia Malava, trekta ya miwa mbele yangu ilisimama ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Pacha walibaki kwenye viti vyao, hawakupata hata mchubuko. Khasandi alirushwa katikati ya viti vya mbele akagonga uso kwenye dashibodi. Hakulia. Ndiyo maana nilijua ni mbaya.

Alipona, lakini jicho la kulia halikuona tena.

Niliyoyafanya baadaye ndiyo yananitesa zaidi. Jioni ile, Khasandi akiwa amelazwa hospitalini, niliendesha gari hadi nyumbani kuchukua blanketi. Kabla mume wangu hajafika kutoka msituni, nilikitoa kile kiti ndani ya nyumba nikakirudisha kwenye gari. Nilihakikisha kimekaa sawasawa. Mume wangu aliponikuta hospitalini aliuliza jambo moja tu, "Kwani hakuwa kwa kiti?"

Nikasema, "Nilimfunga. Alifungua mkanda mwenyewe akasimama."

Aliniamini. Mama yangu aliniamini. Akaja kando ya kitanda akamwambia mtoto yule, kichwa kimefungwa bandeji, "Ona sasa. Wewe husikiangi." Khasandi alinitazama kwa lile jicho moja lililobaki. Nadhani siku ile bado alikuwa anakumbuka. Nikainama nikajifanya nakunja blanketi.

Kwa miaka alisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kila wageni walipouliza kuhusu jicho lake, mpaka akaanza kuisimulia mwenyewe. Shuleni watoto walimcheka, naye akija nyumbani analia hakumlaumu mtu. Nilimlipia karo, nikamnunulia nguo nzuri kuliko za wanangu. Watu wakasema nina moyo. Mume wangu hunisifu mpaka leo.

Sasa Khasandi ni mama. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea na binti yake wa miaka minne. Wakati wa kuondoka alimfunga mtoto kwenye kiti chake, na mtoto akaanza kuchezea mkanda. Khasandi akamshika mkono akamwambia, "Usifungue. Mimi nilifungua yangu nikiwa kama wewe, ona vile niliumia. Na huyu nyanya yako alikuwa amenifunga vizuri."

Halafu akanigeukia. "Mama mdogo, sijawahi kukuomba msamaha. Nilikusumbua sana, na ulikuwa na wale pacha wadogo. Nisamehe."

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Nikajisikia nikimjibu, "Hayo yalipita, mwanangu. Nilikusamehe zamani."

Akanikumbatia, akaenda zake amefurahi.

Tangu siku hiyo nalipima jambo hili kila usiku. Nikimwambia, nitamvunja moyo, na mume wangu, mwenye presha, ajue ameishi na mwongo. Nikinyamaza, nitazikwa huku Khasandi akisimama mbele ya watu kunishukuru, na binti yake naye akue akiamini kwamba mama yake alijiharibia jicho kwa ukaidi. Nyinyi mnaosoma, hasa mliolelewa na mama wadogo, msinionee huruma. Ingekuwa ni wewe uliyeomba msamaha, ungetaka kuambiwa?