Siku Niliyompelekea Askari Maji

Mvua ya masika ikinyesha hapa Pasua, mbwa wa jirani yangu huja kujikinga barazani kwangu. Simwiti, na wala simfukuzi. Hujikung'uta, akajilaza mlangoni, na punde harufu yake inaingia hadi sebuleni: harufu ya manyoya yaliyolowa, nzito, yenye uvuguvugu kidogo. Majirani wanaamini kwamba sipendi mbwa, kwa kuwa mara tatu wameniletea vitoto vya mbwa nikavikataa. Nimewaacha waamini hivyo. Ninyi mnaosoma nitawaambia ukweli, maana hamtakutana nami sokoni Kiboriloni mkaanza kunihurumia.

Nilikulia Uru, huko mlimani, kwa babu mzaa baba. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Tanga, na mama alikuwa huko pamoja naye na wadogo zangu. Mimi nilibakizwa kwa sababu bibi alikuwa amefariki, na watu wazima walikubaliana kwamba si vizuri mzee kuishi peke yake. Hakuna aliyeuliza kama mtoto wa miaka minane naye alihitaji mtu. Babu alikuwa na maneno machache kama mtu anayeyanunua dukani. Tungeweza kumaliza jioni nzima akiwa amesema "ongeza kuni" na "funga mlango". Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kilikuwa na migomba iliyoshonana, na chini yake mibuni, hata nyumba ya jirani sikuwahi kuiona kutoka uani. Niliijua kwa moshi wake na kwa vicheko vya watoto wake. Walikuwa sita, na walicheka kila jioni, na mimi nilikaa jikoni nikiwasikiliza huku nikimenya ndizi. Nilikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikujua kama hali ile ina jina.

Nilichokuwa nacho ni Tomi. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limeanguka, na tabia zake zilikuwa za kizee tangu ujana wake. Alikula kiburu kilichobaki, akichagua maharage na kuacha ndizi, jambo lililomuudhi sana Babu. Mimi nilimsimulia kila kitu. Nilimsomea hata barua za mama, nikiongeza salamu kwake ambazo mama hakuziandika.

Kila asubuhi Tomi alinisindikiza nikienda shule, lakini alifika kwenye masale tu. Wageni wa huku wasije wakapotea: masale ni ile mimea yenye majani marefu tunayoipanda kwenye mpaka wa kihamba. Hatukuwa na ukuta wala geti. Palikuwa na mstari wa masale na upenyo wa njia, basi, na kila mtu wa mlimani alijua kwamba hapo unasimama, unabisha hodi, unasubiri. Babu alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu: "Ndani ya masale haya haingii mtu pasipo kuitikiwa." Tomi naye aliheshimu mstari ule. Alisimama ndani, pua kwenye majani, akanitazama mpaka nikapotea kwenye kona ya mfereji.

Kisha kukaja kichaa cha mbwa. Mtoto mmoja wa vijiji vya chini aliumwa akafariki, na hofu ikapanda mlimani haraka kuliko ukungu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kundaeli, alipita akitangaza: kila mbwa afungwe, na atakayekutwa anazurura atapigwa risasi na polisi. Alisimama penye masale, akabisha hodi, akaitikiwa, akaingia, akatoa tangazo lake, akanywa mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi. Alipoondoka tu, Babu alikata kamba ya katani akamfunga Tomi kwenye mti wa mringaringa nyuma ya nyumba.

Tomi hakuwahi kufungwa maishani mwake. Alilia siku ile yote, na usiku, na kesho yake. Hakubweka, alitoa sauti nyembamba, ileile moja, kama mlango unaohitaji mafuta. Siku ya tatu nilirudi shuleni nikakuta shingo yake imechubuka na bakuli lake limejaa chakula alichokikataa. Nikakaa chini pale nikafikiri kwa akili yangu yote. Tangazo lilisema mbwa wanaozurura. Tomi hazururi, havuki masale. Na ndani ya masale haingii mtu pasipo kuitikiwa. Niliona hesabu imekaa sawa. Fundo la Babu lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno, na nyuzi za katani zikanibaki mdomoni.

Tomi alinilamba uso mzima. Kisha akaenda mahali pake pale njiani, akajilaza kwenye jua, na mimi nikaingia jikoni kuwasha moto.

Hata chungu hakijachemka, nilimsikia akibweka. Nikatoka. Kwenye upenyo wa masale alikuwa amekwisha kuingia askari mmoja kijana, kofia mkononi, bunduki begani, na nyuma yake kabisa, akihema kwa mlima, Mzee Kundaeli. Askari hakusimama. Kwake yale yalikuwa majani kama majani mengine. Tomi alikuwa amesimama ndani ya mpaka wake, miguu imekaza, akifanya kazi aliyoijua. Nilisikia balozi akiita, "Ngoja, ngoja kwanza!" Askari akavaa kofia, akashusha bunduki, akapiga mara moja.

Ndege wote walinyamaza. Tomi alikaa chini, kama aliyeambiwa akae, kisha akalala.

Babu alitokea kwenye mibuni, kisu cha kupogolea kikiwa mkononi. Alimtazama Tomi. Akaniangalia mimi, kisha akatazama kule kwenye mringaringa, ambako kamba ilikuwa inaning'inia. Askari akaweka bunduki begani, na kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri huko pwani kwao, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Nilingoja Babu amfukuze. Nilingoja aseme ile hotuba yake. Babu akasema, "Marahaba."

"Mbwa huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Hukupata tangazo, mzee wangu?"

"Nililipata."

"Sasa mbona hakufungwa? Nani kamfungua?"

Mzee Kundaeli alikuwa anatazama viatu vyake. Babu alikiweka kisu chini.

"Nimemfungua mimi," akasema.

Askari alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaeleza habari za amri na usalama wa wananchi, akasema angeweza kumpeleka kituoni lakini kwa umri wake atamsamehe. Babu akashukuru. Ndiyo, alisema asante, nilimsikia kwa masikio haya. Kisha, kwa kuwa kwetu mtu aliyefika uani haondoki mkavu, akanigeukia.

"Manka, mletee mgeni maji."

Nilienda. Nilichota maji mtungini kwa kikombe cha bati, kile kizuri chenye maua, nikavuka ua, nikampitia Tomi pembeni, nikapiga goti kama nilivyofundishwa. Askari alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, koo lake likipanda na kushuka, akafuta mdomo, akaniambia, "Asante, mwanangu." Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na kwa miaka mingi hilo nililiona ni kosa langu la pili.

Babu alimzika Tomi mwenyewe kwenye migomba ya juu. Aliniita nikakataa kwenda.

Tangu siku ile nyumba yetu, iliyokuwa na maneno machache, haikuwa nayo kabisa. Nilijua Babu ananikasirikia. Ni mimi niliyefungua kamba, na yeye, mzee wa kanisa, alisema uongo mbele ya serikali kwa ajili yangu. Niliona anavyokwepa macho yangu mezani, nami nikakwepa yake. Shuleni hakuna niliyemwambia, maana mbwa wengi walikufa wiki ile na wavulana walisimulia kwa kujigamba, kila mmoja akitaka wa kwao awe ndiye aliyelia zaidi. Nikirudi nyumbani nilipita kwenye masale nikiwa nimefumba macho. Jioni watoto wa jirani walicheka kama kawaida. Barua ya mama ilipofika niliisoma kimya, nikaikunja, nikakuta sina mtu wa kumpa salamu za ziada.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Asubuhi moja, kama mwezi hivi baadaye, niliamka nikakuta kwenye kigoda changu cha jikoni jani moja la sale. Lilikuwa bichi, limefutwa umande, na katikati limefungwa fundo. Nililijua jani lile, kila Mchagga analijua. Mtu akimkosea mwenzake na akitaka kusamehewa, humpelekea jani la sale, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nilishawahi kumwona jirani akimletea Babu baada ya kumwibia zamu ya maji ya mfereji, na Babu, aliyekuwa amenuna wiki mbili, akalipokea papo hapo wakanywa mbege pamoja.

Lakini nilikuwa nimeona wazee wakipeana wenyewe kwa wenyewe. Sikuwahi kuona likipewa mtoto. Kwa hiyo nikaelewa kadiri nilivyoweza kuelewa: Babu ananiambia kwamba anajua kuhusu kamba, na kwamba nichukue jani hili nimpelekee, nimwombe radhi. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nimwombe radhi yeye, aliyeitikia marahaba? Aliyesema asante? Nikalichukua jani, nikaenda bandani, nikalitupa horini kwa ng'ombe, nikaenda shule.

Jioni nilimkuta Babu bandani akisafisha hori. Ng'ombe alikuwa amekula majani yote ya migomba, akaliacha lile moja na fundo lake. Babu aliliokota. Alilitazama muda mrefu, akalipangusa kwenye suruali, akalitia mfuko wa koti.

"Ng'ombe hawali masale, Manka," akasema.

"Ndiyo, Babu," nikajibu.

Hatukulizungumza tena. Polepole maneno yalirudi, ongeza kuni, funga mlango, na baadaye mengine zaidi, maana maisha hayakubali kununa milele. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaolewa. Babu alifariki nikiwa na mimba ya kwanza.

Mwanangu huyo alipofika miaka mitano, mama mkwe wangu, mwanamke mkali ambaye hata mbuzi walimwogopa, alimchapa kwa kosa la kuvunja chungu, na baadaye ikajulikana kilivunjwa na paka. Kesho yake asubuhi nilimwona mama yule akikata jani la sale, akalifunga fundo, akainama mbele ya mjukuu wake na magoti yake mabovu. "Pokea, baba," alimwambia. "Nilikukosea." Mtoto akapokea, akakimbia kwenda kucheza nalo. Nilimuuliza mama kama desturi inaruhusu, mtu mzima kumwomba mtoto.

"Kwani mtoto hakosewi?" akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Nilikaa chini palepale kwenye majani yenye umande. Niliona kikombe cha bati na maua yake. Niliona kwamba Babu alimfunga mbwa wetu kwa sababu alijua kitu ambacho hakuweza kuniambia, kwamba zama zimebadilika na hodi haibishwi tena na kila mtu. Na kwamba kwa kumwogopa kijana mwenye bunduki, alinipigisha goti mbele yake. Hakuwa amenikasirikia hata siku moja. Alikuwa akiona haya. Tuliishi wawili nyumba moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekataa kusamehe, na aliyekuwa amekataa kweli ni mimi.

Babu aliishi miaka kumi na sita baada ya asubuhi aliyoniwekea jani lile, akinisubiri nimjibu.