Maneno Manne ya Kumpokea Mgeni

Wiki iliyopita dereva wa bodaboda alisimama mbele ya mgahawa wangu pale Nyakanazi. "Shikamoo mama. Mgeni wenu huyu, nimemkuta stendi anaonyesha jina la ukoo wenu." Alikuwa mwanamke mtu mzima, maji ya kunde, mkononi ana bahasha ya zamani yenye jina la baba yangu mdogo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia njia tu, na changu ndicho hicho hicho. Nilimtambua kwa paji la uso, lilikuwa la baba mdogo kabisa. Hapo hapo hasira yangu ya utotoni ikanirudia, maana Kirusi nilifundishwa, rafiki yangu, na bado sikuwa na la kumwambia.

Baba mdogo alisomea kilimo Urusi. Alirudi kwetu Nemba na koti zito, vitabu viwili vitatu, na picha ya binti yake mchanga aliyebaki huko na mama yake. Barua zilikwenda na kurudi, kisha zikakoma. Yeye akashikilia kwamba mtoto atakuja tu, na sisi watoto wa ukoo tukabebeshwa tumaini hilo.

Kila Jumamosi wenzetu wakienda mtoni, sisi tulikaa uani tukimenya karanga za bibi huku tukikariri Kirusi. Ubao ulikuwa mlango wa jikoni, baba mdogo ameupaka unga mweusi wa betri zilizokwisha. Maneno yalikuwa manne. Sadis, keti. Pei, kunywa. Kushai, kula. Na hlep, mkate, kitu ambacho Nemba nzima hakikuwepo. Sisi ambao ere na ele hutupiga chenga hata kwenye Kiswahili tulisema "hrep", naye akaturudisha mwanzo. Maharage yananukia jikoni, vidole vinawaka kwa maganda, na neno ni lile lile. Niliyachukia masomo yale kweli kweli.

Siku moja nikamuuliza kwa nini hatufundishi kuuliza: unaitwa nani, umetoka wapi, mama hajambo. Bibi ndiye aliyenijibu, macho yakiwa kwenye ungo. "Mgeni hata maji hajanywa, wewe unataka kumhoji? Atakula, atalala, kesho ndiyo mtamuuliza." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. "Hayo ya kesho nitawafundisha akishafika." Nikachukua kitambaa nikafuta ubao wote, na mama akanichapa.

Baba mdogo alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa. Ya kesho hakuyafundisha.

Basi nikampokea binti yake. Sadis, nikasema, akaketi, macho yamemtoka. Pei, akanywa. Nilipomwambia kushai alicheka huku machozi yanamtiririka, akanawa, akala ugali wa muhogo na maharage kwa mkono mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kwa kitambo kidogo niliona aibu kwa kumnunia yule mzee miaka yote hiyo.

Kisha akaweka bahasha mezani, akagusa jina kwa kidole. "Papa?"

Dereva wa bodaboda, aliyekuwa bado anakunywa chai, akasema, "Mama, tumia simu, inatafsiri." Najua inatafsiri. Sikutaka msiba wa baba yake usemwe na simu. Nilitafuta kichwani neno la kifo, la kaburi, hata la pole, sikupata hata moja. Mlango ule umeshaliwa na mchwa. Bibi hayupo, na wale tuliomenya nao karanga wametawanyika, kila mtu na maneno yake manne. Aliyejua mengine ndiye huyo huyo ninayeulizwa. Nilimkasirikia upya, mbele ya mwanawe.

Nikasogeza sahani karibu yake. "Kushai," nikasema. Sahani ilikuwa tupu. Nikarudia, sauti ikanikatika katikati.

Akaitazama sahani tupu, akanitazama mimi. Kisha akaigeuza bahasha taratibu, jina likalala chini.