Bukari Niliyoshindwa Kula

Kaka yangu alikuwa akinunua samaki kisiwani Chisenga na kuwavusha ziwa hadi upande wa Kongo. Alifia Nchelenge, miaka ile ya mwisho ya tisini, baada ya kukohoa msimu mzima wa mvua. Matanga yalipokwisha, shangazi yetu aliniita akaniambia wazi: mimi mdogo wake nilale na mjane, ili mzimu wa marehemu umwachilie. Bila hivyo, yeyote atakayekula chakula kilichopikwa kwenye moto wake atavimba kifua na kufa.

Nilikuwa shemasi. Nikakataa mbele ya ukoo wote.

"Ni Yesu anakukataza," shangazi akauliza, "ao unaogopa ugonjwa?"

Nilijibu kuwa ni Yesu. Ilikuwa nusu ya kweli.

Mchungaji alimwombea mjane kanisani, akatangaza kuwa yuko huru. Waumini wakaitikia amina. Kesho yake wanawake wale wale wakahamisha mikeka yao ya kuanikia chisense, dagaa wa ziwa letu, mbali na wa kwake. Hakuna aliyekwenda tena kumwomba kaa la moto. Wanawe walifukuzwa kwenye sahani za majirani.

Alivumilia mwezi. Halafu Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, aliniletea bukari, ugali wetu, na samaki mbele ya nyumba yangu. Alijua anachofanya: wakiona nimekula na sijafa, watamrudia. Akaninawisha mikono, akakaa kwenye mkeka. Shangazi na wengine walisimama uani wakitazama.

Niliomba kwa kirefu kuliko siku zote, hadi bukari ikafanya ngozi juu. Nilipofumbua macho, mkono haukwenda.

"Kula, mutumishi," shangazi akasema. "Si ulisema mizimu haiko?"

Nikasema nimefunga. Wakacheka, asubuhi walikuwa wameniona nikitafuna muhogo njiani.

Mjane akafunika sahani. "Shemeji, mimi nilikuamini weye," akasema taratibu. "Siwezi kungoja imani yako ikomae. Batoto banakula wapi?"

Wiki ile akamkubali mwanamume wa Mununga aliyejulikana kwa kazi ya kutakasa wajane. Wanawake wakarudisha mikeka yao.

Nilisimama kanisani nikaungama kwamba niliuogopa mzimu kuliko nilivyomwamini Mungu, na kwamba nilidanganya juu ya kufunga. Kuamini kwangu nakuhesabu kuanzia siku hiyo, si kuanzia ubatizo. Mjane hakuwapo kunisikia. Nilipomfuata nyumbani kumwambia, alinipa kiti nje, akaendelea kugeuza samaki wake.